Fundi Apande Darini Kwanza

Masika yakikatika, kuanzia mwezi Juni hivi, mitaa ya Dar es Salaam hujaa mlio wa nyundo na grenda. Watu waliokesha wakitega ndoo na masufuria chini ya paa sasa wanatafuta mafundi. Ikifika Septemba, habari kwenye daladala na kwenye vikao vya kikoba ni zile zile: fundi kala advansi akazima simu, fundi kavunja bafu kaliacha wazi, kazi ya milioni sita imefika kumi na bado haijaisha.

Mafundi matapeli wapo, na anayekula hela ya mjane kwa kisingizio cha kwenda kununua mabati hana utetezi kwangu. Lakini ugomvi mwingi wa ukarabati hauanzii kwa tapeli. Huanzia siku ya kwanza kabisa, fundi anapoulizwa bei akiwa bado amesimama kibarazani, hajapanda darini, hajafungua chemba, hajapima ukuta hata mmoja. Anayemuuliza ni mwenye nyumba. Sisi ndio tunaodai bei ya kazi ambayo hakuna aliyeiona, halafu tunashangaa ikibadilika.

Mwalimu mmoja mstaafu, mama wa mtaani kwetu Tabata, alitaka kurekebisha nyumba yake ya vyumba vitatu kwa hela ya mafao: paa, bafu na rangi. Akaita mafundi watatu. Wa kwanza alizunguka nyumba dakika chache akasema, "Mama, hapa milioni sita tunamaliza, wala usiwe na wasiwasi." Wa pili akasema saba. Wa tatu aliomba ngazi, akaingia darini na tochi ya simu, akashuka na utando wa buibui kichwani, akauliza choo kinamwaga wapi. Kisha akasema, "Mama, kenchi za upande wa jikoni zimeliwa na mchwa. Ni milioni tisa na nusu, na hapo bafu sijalifungua bado." Wanawe walimwona huyu wa tatu kuwa mwenye tamaa. Kazi akapewa wa kwanza.

Mchwa walionekana tena wiki ya pili, mabati yakiwa yameshashushwa na vitu vya ndani vimefunikwa maturubai. Hapo mtu hana tena nafasi ya kupatana bei. Yule mama alilipa mbao kwa bei ya haraka, akalipa usafiri wa haraka, na hela ya bafu ikaishia kwenye paa. Fundi wa kwanza sitamwita mwongo. Aliulizwa swali la kubahatisha, akalijibu kwa kubahatisha, na akapewa kazi kwa sababu alibahatisha chini kuliko wenzake. Fundi aliyekagua alirudi nyumbani bila hata nauli. Kwa mtindo huu tunawafundisha mafundi kwamba ukaguzi haulipi.

Kujenga upya na kukarabati si hesabu moja. Kwenye kiwanja kitupu kila kitu kinaanza kwenye ramani, na mtu akiwa makini anaweza kuhesabu matofali mpaka la mwisho. Nyumba iliyokaliwa miaka 20 ina mambo yake ndani ya kuta, hasa nyumba zetu nyingi zilizojengwa kidogo kidogo, chumba mwaka huu, uzio mwaka kesho, kila hatua na fundi wake na mchanganyiko wake wa mchanga na simenti.

Chukua bafu. Mwenye nyumba anaona vigae vilivyopasuka na shawa inayodondosha. Anapiga hesabu ya vigae, sinki na grauti, basi. Fundi akishabandua, anakuta bomba la chuma la zamani limeoza kwa ndani, njia ya maji imebaki nyembamba kama penseli. Anakuta sakafu haikupewa mwinamo kuelekea kwenye tundu la maji, ndiyo maana maji yalikuwa yakituama kwenye kona ya mlango. Anakuta ukuta unaopakana na chumba cha kulala umelowa hadi karibu na soketi. Sasa kuna kubomoa sakafu, kubadilisha mabomba na kuyajaribu kwa presha kabla ya kuyafukia, kumwaga sakafu mpya yenye mwinamo, kupaka dawa ya kuzuia maji, kisha kuziba tundu na kujaza maji sakafuni kwa saa 24 ili kuona kama yanashuka. Vigae vinakuja baada ya hayo yote. Fundi atakayeyaweka yote hayo kwenye bei yake ataonekana ghali mno mbele ya yule atakayebandika vigae vipya juu ya vya zamani. Na mwenye nyumba asiyejua tofauti hiyo atachagua kwa kuangalia tarakimu ya chini ya karatasi.

Ninachokitaka ni hiki: ukaguzi ulipwe. Kabla ya kuzungumzia bei ya kazi, mlipe fundi bomba, fundi umeme na fundi wa paa, kila mmoja kwa siku yake, apate kazi au asipate. Mwambie abandue vigae viwili, afungue chemba, apande darini, achokonoe kenchi kwa bisibisi. Kwa kazi kubwa, ya kuongeza vyumba au kubadilisha paa zima, mtafute mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa akuandalie mchanganuo wa vifaa na gharama, ule ambao hata mafundi wa mtaani huuita BOQ. Watu huniambia hiyo ni hela ya kutupa. Ila mchanganuo ndio unaokuwezesha kuwapa mafundi watatu karatasi moja, wote wakajaza bei kwa kazi ile ile. Bila karatasi hiyo, milioni sita ya huyu na milioni tisa ya yule ni bei za kazi mbili tofauti, na hakuna namna ya haki ya kuzilinganisha.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo moja ambalo ukaguzi usipoligusa umepoteza siku. Ni ukuta wa chumvi. Unaujua: rangi inafura usawa wa goti, lipu inamenyeka, chini kunabaki unga mweupe. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia msingi usiowekewa nailoni ya kuzuia unyevu, yanabeba chumvi, yakikauka usoni mwa ukuta chumvi inabaki na kusukuma lipu itoke. Dawa inayouzwa zaidi ni ndoo ya rangi nzuri. Inapigwa Agosti, sikukuu za Desemba nyumba inapendeza, Aprili imebanduka. Nimeona kuta zilizopigwa rangi mara tatu kwa hela ambayo ingetosha kuutibu ukuta mara moja. Tiba yenyewe haina mvuto wowote. Unatafuta maji yanatoka wapi: pengine udongo wa nje umepanda kupita sakafu ya ndani, pengine paa halina gata na maji yanapiga chini ya ukuta, pengine karo limepasuka. Unaondoa chanzo, unabandua lipu mpaka juu ya mstari wa unyevu, unauacha ukuta ukauke kwa wiki kadhaa, ndipo unapiga lipu mpya. Wiki hizo za kusubiri ni sehemu ya bajeti. Kuna mahali vitu vitahamishiwa, na huenda mtu akalipa kodi ya chumba kingine.

Lipu mpya nayo inataka kumwagiwa maji siku saba hivi, kisha kuachwa ikauke vizuri kabla ya rangi. Mwenye nyumba anayemkimbiza fundi apake rangi wiki ile ile ananunua mabaka kwa hela yake mwenyewe.

Zanzibar suala la unyevu wa kuta ni zito zaidi. Nyumba za Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta zile hupumua. Unyevu unaingia na kutoka kupitia chokaa. Ukizipiga lipu ya simenti, unyevu unafungiwa ndani na chokaa inalegea polepole. Beit al-Ajaib, jumba la mji huo lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Simnyooshei mtu kidole hapa. Ninasema tu kwamba jengo kongwe linaweza kuua wakati linapotibiwa, na anayelikabidhi kwa wa bei ya chini hajui anachokishika.

Hata nyumba ya kawaida ya matofali ya saruji ina hatari yake. Siku hizi wengi wanapenda kuvunja ukuta kati ya sebule na jiko ili pawe uwanja mmoja. Ukuta ule mara nyingi umebeba lenta na kenchi. Kuutoa bila mhandisi kusema mzigo utahamia wapi, na bila kibali cha halmashauri, ni kucheza na maisha ya wanaolala ndani, na hapo sioni nafasi ya kubana matumizi.

Nirudi kwenye hesabu, maana watu wengi huiogopa bure. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 ni mita za mraba 14. Vigae vya sentimita 60 kwa 60 kwa kawaida hufungwa vinne kwa boksi, yaani mita za mraba 1.44. Ukiongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika unapata 15.4, kwa hiyo boksi 11. Zinunue zote siku moja na uhakikishe namba ya toleo kwenye boksi ni moja, kwa sababu vigae vya toleo jingine vinaweza kutofautiana rangi, na tofauti hiyo utaiona kila siku ukikaa sebuleni. Kuta za chumba hicho, zikiwa na urefu wa mita 3, ukitoa mlango na madirisha ni kama mita za mraba 40. Lita moja ya rangi hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, kwa hiyo mikono miwili ni lita 8. Fundi akikuambia chumba hicho kinataka ndoo nzima ya lita 20, muulize kwa upole amepimaje. Pengine ukuta ni mkavu unakunywa rangi, na atakueleza. Pengine hana maelezo.

Hapa ndipo linapoingia suala la cha juu. Wenye nyumba wanalalamika kwamba fundi akitumwa dukani anapatana na muuzaji, risiti inaandikwa kubwa, tofauti inaingia mfukoni. Ni kweli hutokea, na ni wizi. Lakini mwenye nyumba huyo huyo ndiye aliyebana hela ya ufundi mpaka ikawa haiwezi kulisha familia ya fundi na saidia fundi wake wawili. Wengi huchukua gharama ya vifaa, wanaweka theluthi yake, wanaiita ufundi. Kanuni hiyo inaweza kusaidia kwenye ujenzi mpya. Kwenye ukarabati inapotosha, kwa sababu kubomoa, kuchimbua bomba, kukwangua rangi ya zamani na kubeba kifusi ni jasho tupu lisilo na kifaa cha kununua dukani. Mlipe fundi ufundi kamili, ununue vifaa mwenyewe kwa orodha aliyoiandika na kuisaini, udai risiti ya EFD, na uhesabu mifuko ya simenti inaposhushwa. Mkifanya hivyo hakuna anayemvizia mwenzake.

Kuna matumizi ambayo hayaandikwi popote na ndiyo yanayomaliza hela ya akiba. Kifusi cha bafu moja hujaza kirikuu zaidi ya mara moja, na kukimwaga kinapotakiwa kuna gharama. Grenda na mashine ya kuchomelea vinakula umeme wa LUKU yako. Maji yakikatika unanunua boza. Simenti ikilala nje bila mlinzi itapungua, na mvua ikiipata imekwisha. Ukimchukua mkandarasi aliyesajiliwa kwa VAT, uliza mapema kama bei aliyotaja ina kodi ndani yake au haina, kwa maana Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha asilimia 18 juu ya milioni 10 ni milioni moja na laki nane, na si hela ya kukumbushwa mwishoni. Juu ya yote hayo, mimi ningetenga asilimia 20 ya bajeti kwa nyumba ya zamani iliyokaguliwa, na zaidi ya hapo kwa isiyokaguliwa. Fundi ajue kwamba akiba ipo, na ajue pia kwamba haiguswi mpaka kazi ya ziada iandikwe, hata kwa ujumbe wa WhatsApp, ikiwa na bei, kabla nyundo haijapigwa.

Jambo ninalolionea uchungu zaidi ni mpangilio. Hela zetu huja kwa mafungu: mchezo, mkopo wa SACCOS, mavuno, bonasi. Fungu la kwanza likifika, watu hukimbilia kinachoonekana na mgeni. Nimeingia kwenye sebule yenye dari ya jipsamu ya ngazi mbili, taa za rangi pembeni, na madoa ya kahawia yamechora ramani katikati kwa sababu bati la juu lina matundu ya misumari. Nyumba hizi mpya za paa la kuficha ndizo zinazoumiza zaidi. Nyuma ya ukuta unaolificha paa kuna gata ya ndani. Majani yakiziba tundu lake, maji hayana pa kwenda isipokuwa kushuka ukutani. Fungu la kwanza liende kwenye paa na njia za maji ya mvua. La pili mabomba na umeme, pamoja na kupiga picha za kuta zikiwa wazi ili kesho asije mtu akatoboa bomba kwa kutundika luninga. Lipu, sakafu, dari na rangi vifuate. Kila fungu liache nyumba inayokalika hata kama fungu linalofuata litachelewa mwaka.

Umeme usifanywe wa kuunganisha tu kwa kuwa hauonekani. Shawa ya umeme ya kilowati 4.5 kwenye volti 230 huvuta karibu ampia 20. Waya wa milimita za mraba 1.5 uliowekwa kwa ajili ya taa haukukusudiwa mzigo huo. Utapata moto ndani ya ukuta muda mrefu kabla hujanusa chochote. Hapa tafuta mwenye leseni ya EWURA, na umlipe anachostahili.

Ndugu zetu walioko Muscat, London au Minnesota wanaowakarabatia wazazi nyumba wana mtihani wao. Hela inatumwa kwa kaka au binamu, picha zinarudi kwenye simu, na picha huonyesha ukuta uliopakwa rangi bila kuonyesha kilichofukiwa ndani yake. Kumlipa mtu wa tatu, fundi mwingine au mhandisi kijana asiye na undugu na yeyote, aende kila mwisho wa hatua kupima na kuandika, kunaokoa hela na kunaokoa undugu. Ndugu aliyepewa kusimamia naye apewe posho iliyo wazi. Kumwachia usimamizi wa miezi minne kwa asante tupu ni kumweka kwenye jaribu.

Malipo yafuate kazi. Advansi itoshe kuanza, kisha hela itoke kila hatua inapokaguliwa: paa limefungwa, mabomba yamejaribiwa, lipu imekauka. Asilimia 10 ibaki. Kwenye mikataba mikubwa fedha ya namna hiyo huzuiliwa kwa muda uliokubaliwa wa kurekebisha kasoro; mtaani kwetu ningeifunga kwenye mvua. Fundi wa paa anayemaliza Agosti alipwe salio lake baada ya vuli kupiga kweli kweli, na mwenye nyumba afunge mdomo wake na afungue pochi siku hiyo hiyo kama dari ni kavu. Mafundi wengi wana makovu ya salio lililozuiliwa mpaka likasahaulika, na mwenye nyumba anayefanya hivyo ni mwizi sawasawa na yule aliyezima simu.

Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 ipo, Bodi ya Usajili wa Makandarasi imewapanga makandarasi wa majengo kuanzia daraja la kwanza hadi la saba, na VETA inarasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Ni mambo mema, na ukimpata fundi mwenye cheti cha VETA mpe nafasi. Ila kazi ya bafu la yule mwalimu mstaafu haimfikii mkandarasi wa daraja lolote. Inamfikia kijana mwenye mwiko na simu, na kati yao hakuna karatasi. Makubaliano ya mdomo yana nguvu kisheria, lakini kuyathibitisha mbele ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo ni shughuli nyingine.

Ningependa Baraza la Taifa la Ujenzi litoe fomu ya kurasa mbili, kwa Kiswahili cha mtaani, ya kazi ndogo za ukarabati, na ipatikane bure kwenye kila ofisi ya serikali ya mtaa. Ukurasa wa kwanza uwe wa ukaguzi: paa, kenchi, mabomba, chemba, umeme, unyevu wa kuta, na sahihi ya fundi aliyevitazama. Wa pili uwe na bei ya ufundi peke yake, orodha ya vifaa peke yake, hatua za malipo, nafasi ya kazi za ziada, jina la shahidi. Chini kabisa paandikwe kiasi cha salio na mvua ya msimu gani itakayolifungua.